Ferrari 250 LM: motokari iliyokataliwa ikashinda Le Mans

Kule Le Mans, inchini Ufaransa, mshindi si yule anayekimbia sana kwa saa moja. Ni yule anayemaliza njia ndefu zaidi kwa saa 24, mchana na usiku.

Mwaka 1965 watu walingojea Ford ao Ferrari mpya za kiwanda. Wachache waliitazama 250 LM nyekundu ya Luigi Chinetti. Aina hiyo ilitokea mwaka 1963, moteri ya silinda 12 ikiwa nyuma ya dereva. Zilitengenezwa 32 tu. Wakubwa wa mashindano walitaka 100, kwa hiyo walikataa kuiweka katika kundi la GT. Ikapangwa na zenye nguvu zaidi.

Chinetti alikuwa Muitalia. Mwaka 1940 alienda Marekani kwa mashindano ya Indianapolis. Vita ikamkuta huko, akabaki. Akaanza maisha upya, mwishowe akawa muuzaji wa Ferrari.

Madereva wake walikuwa Masten Gregory, Mmarekani wa miwani minene, na Jochen Rindt wa miaka 23. Mapema moteri iliwasumbua, wakabaki nyuma. Hawakuiacha. Ford zote na Ferrari za kiwanda zikaharibika moja nyuma ya ingine. Jumapili, saa kumi, 250 LM ikamaliza ya kwanza.

Ferrari ilingojea miaka 58, mpaka 2023, kushinda tena pale. Motokari ile iliuzwa Paris mwaka 2025 kwa euro karibu milioni 35. Aliyeileta ni mtu ambaye vita ilimwacha ugenini.