Lamu: ukifika, nusa ubao

Ukitoka Mombasa kwa basi, ukapita Malindi, Garsen na Witu, safari ya nchi kavu huishia Mokowe. Hapo utateremka, upande mashua, na baada ya muda mfupi utauona mji wa Lamu umejipanga ukingoni mwa bahari. Wageni wengi hukimbilia kuzipiga picha nakshi za milango. Wewe, msomaji, weka kwanza kiganja juu ya ubao wenyewe, kisha unuse vidole.

Mji huu, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, lakini dari zake zimebebwa na boriti za mikoko na utajiri wake uliletwa na majahazi. Ubao basi ni mali. Na maadui wa ubao hapa ni jua, chumvi na wadudu, nao hawana likizo.

Kwa hiyo nenda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kilicho upande wa magharibi wa kisiwa. Toka asubuhi kabla jua halijakaza. Ukibahatika kukuta chombo kimepandishwa pwani maji yakiwa yamekupwa, tafuta kivuli, uwaamkie wazee, uketi utazame. Kwanza tumbo la chombo hukwanguliwa chaza na mwani uliogandamana. Kisha hupitishwa moto wa makuti makavu, kwa hadhari kubwa, kuwaua funza wa baharini. Mdudu huyu ni hatari. Tundu lake kwa nje ni kama la sindano, kumbe ndani ubao umeliwa ukawa mithili ya sega la nyuki! Baadaye nyufa hutiwa kalafati, yaani pamba iliyoloweshwa mafuta, ikashindiliwa kwa nyundo. Mwisho sehemu itakayozama majini hupakwa deheni, ambayo ni shahamu ya mnyama iliyochanganywa na chokaa. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Sifa hii, nakuonya mapema, haina sifa njema puani.

Utauliza, deheni hudumu miaka mingapi? Haidumu hata mwaka. Baada ya miezi kadhaa huisha, na kazi huanza upya. Aliyezoea rangi ya kopo ataona huo ni udhaifu, nami zamani ningemuunga mkono. Lakini fikiri: kila chombo kinapopandishwa ili kipakwe, fundi hupitisha jicho na mkono kwenye kila ubao, na penye ubovu hupajua mapema. Rangi nene huuficha ubovu huo mpaka siku chombo kinapoanza kuvuja na abiria wamo ndani.

Sasa rudi mjini, uzitembelee karakana za wachongaji. Utawakuta wakilainisha kazi zao kwa msasa. (Jina hili ni la mti. Majani yake makavu yanayokwaruza ndiyo yaliyolainisha mbao kabla ya karatasi za dukani.) Ukinunua kiti au sanduku, huenda ukaulizwa kama unataka vanishi. Mimi ningesema mafuta na nta. Vanishi ikipasuka, unyevu hupenya chini yake, ikaanza kubambuka, na dawa yake ni kuikwangua yote. Mafuta hunyweka ndani ya ubao. Nta hubaki juu, ikazuia maji na kutoa mng'ao mtulivu. Ni njia ile ile inayotumiwa kwa vitako vya bunduki za kale, ambavyo hushikwa na mikono yenye jasho na kunyeshewa mvua.

Nyumbani unaweza kuifanya mwenyewe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo itie katika kopo, na kopo ulikalishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke juu ya moto mtupu, itawaka. Changanya na mafuta ya kitani, paka kidogo kwa kitambaa, subiri, kisha futa ziada na usugue mpaka mkono usinate. Mafuta ya nazi hayafai, kwani hayakauki, yatakusanya vumbi tu. Na vitambaa ulivyotumia usivirundike pembeni: mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo laweza kushika moto lenyewe. Vitandaze nje. Mlango unaopigwa na jua la mchana usiutie nta, maana italainika. Mafuta peke yake yatosha.

Milango ya kale usiinunue hata ukibembelezwa. Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na urithi inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali, na nyumba iliyong'olewa mlango wake hubaki kama kinywa kisicho na meno.

Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walizindua hapo Lamu jahazi la plastiki iliyotumika, Flipflopi, lililosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Hilo funza halimtamanishi. Ila lilichongwa na mikono iliyojifunza kwenye ubao.

Siku ya kuondoka, mashua ikikurudisha Mokowe, chungulia ubavuni. Kama ni ya mbao, mwulize nahodha ilipandishwa lini mara ya mwisho.