Mlinzi wa Mtama

Sisi tuliozaliwa katika bonde la Ruzizi, upande wa Uvira, tulijifunza kufukuza ndege mbele ya kujifunza kusoma. Mtama ukianza kutia mbegu, mbegu zingali laini na zenye maziwa, ndege wadogo wanashuka kwa makundi asubuhi na mangaribi, na kwa siku chache wanaweza kumaliza jasho la miezi. Basi watoto tulitumwa shambani na mikebe ya kupigapiga na udongo wa kurusha. Mahali watoto hawakutosha, wazee walisimamisha mtu wa majani: miti miwili iliyofungwa msalaba, majani makavu, nguo kuukuu na kofia. Kwetu tulimwita Mulinzi.

Usiku, kisha kula, koko yetu alitusimulia habari zake. Kulikuwa kijana mvivu. Baba yake alipokufa, akachukua koti la marehemu, akamvalisha mtu wa majani, akamwambia: « Linda wewe, mimi nalala. » Mulinzi akalinda vizuri, hata ndege mmoja hakutua. Mtama ukavunwa, kijana akamsahau kule shambani, mvua ikamnyeshea. Usiku mmoja mlango ukagongwa.

« Ni nani? »

« Ni miye. Nimechoka kusimama. Sasa ni zamu yako. »

Asubuhi mama yake akakuta kitanda kitupu na majani yametawanyika chini. Akakimbia shambani. Pale kwenye mti alisimama mtoto wake, mikono imenyooshwa, kinywa kimejaa majani makavu.

Hapo koko alinyamaza, na sisi hatukuthubutu kwenda hata chooni.

Mwaka wa 1964 uasi ulifika kwetu. Mwezi wa tano waasi waliteka Uvira. Wenye kufanya kazi ya leta, makarani na watu wa masomo, walitafutwa, na wengi waliuawa. Wakati ule koko alifanya jambo alilotukataza siku zote: akamvalisha Mulinzi koti la marehemu mume wake. Tena akaongeza neno kwenye hadisi: « Huyu wetu naye ameanza kutembea. Musimukaribie. » Tukacheka kidogo. Lakini asubuhi tuliona kweli: jana alikuwa karibu na mihogo, leo yuko karibu na mfereji. Baadaye tulijua kwamba mtu wa majani lazima ahamishwe, sababu ndege wakimzoea wanatua hata mabegani mwake. Wakati ule hatukujua.

Siku moja tulisahau mkebe shambani, tukarudi kuutafuta mangaribi. Tulikuwa hatua kumi mbele ya Mulinzi alipokohoa. Kisha mkono mmoja ukashuka polepole kutoka kwenye mti, akaweka kidole kinywani.

Namna tulivyofika nyumbani hatukumbuki. Koko hakucheka wala hakutukemea. Alifunga mlango, akatuinamia: « Mumemuona. Sasa musimutaje kwa mutu yeyote. Mwenye kumutaja ataitwa kwa zamu. »

Siku mbili tatu baadaye waasi waliingia uwanjani, vijana wenye mikuki na majani kichwani. Waliwauliza watoto kwanza, sababu mtoto hajui kuficha.

« Muliona mutu mugeni hapa? »

Tukasema hapana. Hatukusema uongo: kwetu sisi yule hakuwa mtu. Mmoja wao akanyoosha mkuki kuelekea shamba: « Na ule kule? »

Koko akacheka. « Ule ni wa ndege, mwanangu. »

Kijana akaokota jiwe, akalirusha. Tulisikia likipiga chini ya kofia. Mulinzi hakutikisika. Wakaenda zao.

Jioni ile koko alikwenda shambani na bugali na maji ya moto. Tulidhani anamtuliza kusudi asije kutugongea. Kisha siku chache Mulinzi akawa majani matupu, bila koti.

Mwaka wa 1971, wakati inchi ilikuwa imeanza kuitwa Zaire, mgeni alifika kwetu na koti lililokunjwa vizuri. Alikuwa karani, si wa kabila letu, hata lugha ya kwetu hakuijua. Juu ya jicho alikuwa na kovu. Koko aliligusa kwa kidole, akamuuliza kama bado linauma. Ndipo tuliposikia kwamba mchana alilala ndani ya shimo katikati ya mtama, na saa za watu kupita njiani alisimama, maana macho yao yalikuwa yamezoea kuona mtu wa majani pale. Mwisho alivuka Ruzizi usiku, akaingia Burundi.

Tulimuuliza koko kama hadisi aliitunga mwenyewe. « Hapana, ni ya koko yangu. Yeye alitaka tu tusilale kazini. »

Leo wako wenye kusema kwamba hadisi hizi zinatisha watoto bure, afazali tuziache. Sisi tunazisimulia kwa wajukuu. Kila mara wanauliza kama Mulinzi alikuwa mtu ao majani. Tunawajibu kwamba alikuwa mtu, lakini sisi watoto, kama tungalijua vile, angalikufa.