Na Waliobeba Je?

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka acha nikiri mwenyewe: kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya ambayo ndani yake Wajerumani wanashinda. Siyo vita nzima, la hasha. Wanashinda siku chache tu, tena kwa manowari moja tu. Nilidhani hiyo ni hadithi ya kutosha kumtoa mtu kimaisha.

Mimi niliishia kidato cha nne. Matokeo yalipotoka nikakuta hisabati imenimaliza, basi mjomba akanichukua dukani kwake Gerezani, tukawa tunauza spea za magari. Watu wa Gerezani wanajua jambo moja ambalo darasani sikufundishwa: lori la tani 30 linaweza kulala Morogoro wiki nzima kwa sababu ya bushi ndogo inayoenea kiganjani. Ndiyo maana siku niliposoma habari za Königsberg nilisimama nyuma ya kaunta kama nimepigwa ganzi, mteja anadai chenji yake, mimi simsikii.

Habari yenyewe ni hii. Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani, yenye mizinga 10 ya sentimita 10.5, nahodha wake akiitwa Max Looff. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, miezi miwili tu kabla vita havijalipuka. Agosti ikaiteka meli ya Kiingereza, City of Winchester, upande wa Omani, ikiwa na shehena ya chai. Halafu alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikatokea Unguja. Bandarini kulikuwa na manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga inatengenezwa mashine. Mizinga ya Pegasus haikuweza hata kuifikia adui yake. Mabaharia zaidi ya 30 wakapoteza maisha na meli ikazama.

Sasa hapa ndipo mwuza spea alipokaa wima. Königsberg iliyoimaliza meli yenye mashine mbovu, yenyewe nayo ikaharibikiwa na mashine! Looff alitaka kurudi kwao Ujerumani, lakini ataendaje? Akaiingiza meli kwenye delta ya Rufiji, ikajificha ndani ya mikoko. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakaigundua, wakaziba njia, wakakaa nje kama paka mlangoni pa panya. Meli zao kubwa zilishindwa kuingia kwa sababu ya kina kidogo cha maji, hadi zilipoletwa kutoka Ulaya mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya Brazili. Tarehe 6 Julai 1915 zilijaribu zikashindwa. Tarehe 11 zikarudi, na Königsberg ikaishia hapo hapo kwenye tope.

Basi riwaya yangu ilianza na swali moja: ingekuwaje kama mashine isingeharibika? Katika daftari langu Looff anaondoka Unguja moshi unapaa, anazama kwenye upeo wa bahari ya Hindi, anazikamata meli za makaa ya mawe, anazunguka kusini mwa Afrika, anaingia kwao kwa mbwembwe. Kurasa 84 nilizijaza kwa wino wa bluu. Kijiweni washikaji walinipa jina la Admirali. Mmoja aliniuliza, "Sasa wewe Mrufiji unamshangilia Mjerumani, imekuwaje?" Nikamjibu kwamba siyo Mjerumani ninayemshangilia, ni meli. Meli ilijificha kwetu, bwana. Niliona kama ni ya kwetu.

Aliyeniharibia mambo ni Bibi.

Bibi yangu mzaa mama anakaa Mbagala, ila kwao ni Rufiji hasa. Macho yamepungua nguvu, kwa hiyo Jumapili huwa namsomea: magazeti, barua za misikitini, na siku hiyo nikaona nimsomee riwaya. Nilipofika pale ambapo nahodha anasimama kwenye daraja la meli, kofia mkononi, upepo unampiga, Bibi akacheka.

"Mume wangu," akasema, ndivyo anavyoniita tukiwa wawili, "huyo mzungu wako amesimama tangu ukurasa wa kwanza. Hachoki?"

Nikamwambia, "Bibi, huyo ndiye shujaa."

"Sawa. Na waliobeba, umewaweka wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, mkono wake juu ya daftari langu kama anayezuia karatasi zisipeperuke. Babu yake alichukuliwa wakati wa vita hiyo kwenda kubeba mizigo. Walikuja watu wenye bunduki, wakahesabu wanaume, wakawafunga kamba. Hakurudi. Baba yake Bibi alikuwa bado mgongoni kwa mama yake. Nikauliza, waliomchukua walikuwa Wajerumani au Waingereza? Bibi akanitazama kwa huruma, kama ambavyo mwalimu wa hisabati alikuwa akinitazama.

"Mwenye kubebeshwa haulizi mzigo ni wa nani."

Usiku ule sikulala. Nilirudi kwenye maelezo niliyokuwa nimeyaruka nikikimbilia mizinga. Kumbe mashine ilipoharibika, vipande vyake vilipelekwa kutengenezwa karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa, safari ya nchi kavu ya zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Unadhani chuma kile kilitembea chenyewe? Meli ilipokufa, Wajerumani waliing'oa mizinga yote 10, wakaifungia magurudumu, wakaenda nayo vitani barani. Mmoja ulipelekwa hadi Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli ya Götzen, ile ambayo baadaye ikaitwa Liemba. Mabaharia nao wakawa askari wa Lettow-Vorbeck. Nyuma ya kila mzinga walikuwapo watu wa kuvuta, na nyuma yao watu wa kubeba chakula cha wanaovuta.

Hapo nikajiambia: kumbe ninayo njia ya kumwokoa babu yake Bibi! Nisikilize, msomaji, maana nilifanya hesabu kuliko nilivyowahi kufanya shuleni. Novemba 1914 Waingereza waliwaleta askari kama 8,000 kwa meli kutoka India, wakawashusha Tanga. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, na bado akawapiga, hata nyuki nao wakaingia vitani. Wavamizi walikimbilia melini wakaacha bunduki mamia, bombomu 16 na risasi 600,000. Hazina hiyo ndiyo iliyomtia Lettow nguvu ya kuendelea.

Sasa chukua kipuri kimoja, kirudishe kizima. Königsberg iko huru baharini mwezi Oktoba. Je, Waingereza wangethubutu kuvusha meli zilizojaa askari katika maji hayo? Huenda wangezichelewesha mpaka meli iwindwe. Kama Tanga isingekuwepo, zile risasi 600,000 zisingekuwepo. Meli ikienda zake Ujerumani, ile mizinga 10 nayo isingeshuka nchi kavu. Yaani bahati ya nahodha baharini ingekuwa nuksi ya jenerali bara! Vita ambayo Lettow aliikokota hadi tarehe 25 Novemba 1918, alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, pengine ingekwisha 1915 au 1916. Na babu angekuwa shambani kwake, analima.

Nilikwenda Mbagala mbio siku ya kazi, mjomba alifoka. Nikamweleza Bibi yote, nikachora na ramani kwenye boksi la spea. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo aliyeshinda mapema, angekuja kufanya nini?"

Angekuja kutawala. Nilinyamaza, maana nilikuwa najua. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vimepita huko huko kusini, njaa yake ilikuwa bado mdomoni mwa watu, na hakukuhitajika manowari yoyote ili mtu wa Rufiji abebeshwe mzigo. Tena Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, wao ndio walioweka kambi ya wapagazi ambayo jina lake la Kiingereza limebaki kinywani mwetu: Kariakoo. Kila siku nashuka kwenye daladala pale, nanunua karanga pale, na sikuwahi kuwaza kwamba natembea juu ya jina lao. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Ukienda mjini, mnara wa askari uliojengwa 1927 unawataja pia wapagazi katika maandishi yake. Lakini aliyesimama juu ni askari, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Mpagazi amebaki kwenye maneno.

Sisemi swali la "ingekuwaje" ni la kipuuzi. Mwenyewe naishi nalo: ningepata hata alama chache zaidi za hisabati, leo ningekuwa wapi? Ila nilikuwa nikiliuliza nikiwa nimesimama darajani pamoja na nahodha, na kutoka pale juu mabadiliko yote yanapendeza. Bibi analiuliza akiwa chini, kwenye foleni ya kamba. Kutoka pale, meli ikizama ni mzigo, isipozama ni mzigo wa njia nyingine, na kinachobadilika kweli ni kama mtu mmoja amerudi nyumbani au hakurudi.

Zile kurasa 84 sikuzichana. Nimezifunga mpira, ziko chini ya kitanda. Nimeanza daftari jipya. Linaanza na wanaume wanaovuta chuma kutoka kwenye mikoko kuelekea Dar es Salaam. Hawajui ni chuma cha nini, na mmoja wao ana mtoto aliyemwacha mgongoni kwa mama yake. Königsberg yenyewe haionekani, inasikika tu. Kuandika hivyo ni kugumu, maana nahodha nilimkuta tayari vitabuni, kofia na kila kitu, huyu wangu sina hata jina lake. Bibi naye halikumbuki.

Nimefika ukurasa wa 11. Jumapili iliyopita nilimsomea, hakucheka. Nilipofunga daftari akauliza kama wamefika Dar. Nikamwambia bado, Bibi, wamelala njiani.

"Basi wape maji," akasema, akageukia ukutani kulala.