Chumvi ya Ng'ombe Si Anasa

Ninunuapo utumbo wa ng'ombe sokoni, huchagua ile sehemu tuiitayo taulo. Wengi wetu huikwangua, tukaipika na kuisahau. Lakini vile vinyweleo vinavyomchosha mpishi kuvisafisha ndivyo vilivyokuwa mlango wa chumvi kuingilia damuni ng'ombe alipokuwa hai.

Ng'ombe mkubwa humeza mate yapatayo lita 100 au zaidi kwa siku. Mate hayo yana chumvichumvi ya jamii ya magadi, yenye sodiamu, ambayo hupunguza ukali wa asidi itokanayo na majani yanayochacha tumboni. Sodiamu hiyo ingepotea yote katika samadi, mnyama asingeishi. Ukuta wa taulo huifyonza na kuirudisha damuni. Damu huipeleka kwenye tezi za mate. Nayo mate huirejesha tumboni.

Hata hivyo, akiba hiyo huvuja. Kila lita ya maziwa huondoka na karibu nusu gramu ya sodiamu, na nyasi nyingi zina potasiamu tele lakini sodiamu haba. Sodiamu ikipungua, potasiamu hushika nafasi yake katika mate. Potasiamu ikizidi tumboni, huuzuia ukuta uleule kufyonza magnesiamu, madini yanayohitajiwa na neva na misuli.

La kutisha ni kwamba upungufu huo huja kimyakimya. Mwaka 1905, S. M. Babcock wa Wisconsin, Marekani, alieleza matokeo ya kuwanyima chumvi ng'ombe wa maziwa. Baadhi walidhoofika upesi. Wengine walistahimili miezi mingi kabla afya na maziwa yao kuanguka.

Nimesikia mara nyingi, fedha zipungukapo nyumbani, jiwe la chumvi likiwa la kwanza kufutwa katika orodha ya matumizi. "Mbona bado anakamuliwa?" Naam, anakamuliwa; lakini kinachokamuliwa ni akiba yake. Ukimwona analamba mikojo, kuta, au jasho la mchungaji, usimchape kwa tabia mbaya. Anaomba. Wafugaji waliopeleka mifugo yao kwenye udongo wa magadi walilielewa ombi hilo pasipo maabara.

Basi mwekeeni chumvi, na maji safi ya kutosha, ili kikombe cha maziwa anachopata mtoto wenu leo akipate na mwakani.