Betri ya Kurudia Nyumbani

Wengi wetu tulioko huku Maskati tumezaliwa na kukulia karibu na maji ya chumvi, na hata baada ya miaka mingi ya maofisini bahari haijatutoka. Mimi nilipostaafu nilijinunulia boti ya faiba, futi 23, iliyokwishatumika, yenye mashine moja ya nje ya nguvu za farasi 115. Si chombo cha biashara. Ni cha kuvulia changu na nguru siku za Jumamosi, kupunga upepo, na kumkimbia kidogo bibi wa nyumbani anapotaka nihamishe makabati.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya betri. Najua si maudhui matamu, lakini nisikilizeni kwanza.

Betri iliyokuja na boti ilipokufa, nilitia ya gari. Nilikuwa nayo uani, nzima, ya ampea-saa 60, nimeitoa kwenye gari nililokuwa nikiliuza. Nikajiambia betri ni betri, volti 12 ni volti 12, na ya boti dukani ilikuwa na bei ya kutisha. Waswahili wamesema rahisi huvunja upishi. Mimi nilikuwa nikiusema msemo huu kuwaambia wengine.

Siku moja ya Oktoba 2019 nilitoka na mjukuu wangu, wakati huo ana miaka tisa. Tulitia nanga upande wa nje wa kisiwa cha Fahal, kama kilomita nne hivi kutoka pwani. Wanaoishi hapa wanapajua. Si mbali na bandari ya mafuta ya Mina al Fahal, na meli kubwa za mafuta huonekana zimetulia zikingoja kupakia. Tulizima mashine tukavua tangu adhuhuri. Kioo cha kutafutia samaki kinawaka, pampu ya kuwatia hewa chambo hai inazunguka, redio ya baharini iko wazi, na mjukuu kafungulia muziki kwa sababu samaki, anasema, wanapenda muziki.

Jua lilipozama nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik, halafu hata hiyo tik ikanyamaza. Taa hazikuwaka. Redio ya baharini ilikufa. Mashine kubwa za siku hizi huwezi kuzivuta kwa kamba kama zile ndogo za zamani, kwani hata pampu yake ya petroli na ubongo wake wa umeme vinangoja betri hiyo hiyo. Pampu ya ngamani nayo ikasimama, na boti yangu ina tabia ya kuvuja kidogo nyuma. Nikakata dumu la maji kwa kisu, likawa upo, nikaanza kufua maji kama alivyokuwa akifua marehemu baba yangu kule Mkokotoni.

Nanga ilishika, namshukuru Mungu, kwa hiyo hatukuchukuliwa na mkondo. Lakini tulikuwa gizani, mahali vyombo vinapita, bila taa hata moja isipokuwa ya simu yangu. Nilimpigia mwanangu, naye akampata mvuvi jirani, na mvuvi yule alitufikia baada ya saa mbili. Saa mbili zile mjukuu hakuuliza kitu. Alikaa karibu yangu ameshika ile simu juu, mkono ukichoka anabadilisha. Mtoto asiyenyamaza hata akila! Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu nilikuwa nayo botini.

Mama yake hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema kwa adabu tu, "Baba, nisamehe, lakini mtoto hatoki tena baharini mpaka nijue mtarudi vipi."

Wiki ile nikenda Wadi Kabir kwa fundi mmoja kijana, asili ya wazee wake Oman, lakini mwenyewe kazaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko. Anasema bateri, mimi nasema betri, tunaelewana.

"Shikamoo mzee," akanipokea, akaiinua ile betri yangu. "Hii ni ya gari. Umeibebesha kazi mbili, na hata moja si yake."

"Mwanangu, betri si betri tu?"

"Hapana, mzee wangu. Kaa nikueleze."

Akanieleza, nami nawaelezeni. Betri ya kuwashia mashine ina sahani za risasi nyembamba, nyingi, zilizobanana, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo. Ukiinyonya polepole mchana kutwa na kuimaliza, sahani zile nyembamba huharibika upesi. Betri ya kazi ndefu ina sahani nene. Haina ukali ule wa kuwashia, lakini inavumilia kunyonywa na kujazwa tena mara nyingi. Ya gari ni ya namna ya kwanza, tena haikutengenezwa kwa kupigwapigwa na mawimbi.

Kisha akachukua gamba la boksi na kalamu. "Tuhesabu unachokula ukiwa umezima mashine," akasema. Tukaandika kwa saa sita za kuvua. Kioo cha samaki, ampea 2 kwa saa, jumla 12. Pampu ya chambo, ampea 4, jumla 24. Muziki, ampea 2, jumla 12. Redio ya baharini ikisikiliza tu, nusu ampea, jumla 3. Taa, ampea 1 kwa saa mbili za jioni, jumla 2. Zote pamoja ampea-saa 53.

"Na betri za risasi," akaendelea, "ukitaka zidumu usizishushe chini ya nusu." Basi nikaona hesabu yangu. Nusu ya 60 ni 30, tena hiyo ni betri ikiwa mpya, na yangu ilikuwa na miaka mitatu. Kila Jumamosi nilikuwa nikila mpaka chakula cha safari ya kurudi. Ajabu si kwamba ilinitupa siku ile, ajabu ni kwamba haikunitupa kabla.

Hapo nikamkumbuka tena baba. Chombo chake kilikuwa cha tanga, hakikujua betri. Lakini daima kulikuwa na makasia mawili yamefungwa pembeni na mtungi mdogo wa maji nyuma, na sisi watoto tukiugusa tunapigwa makofi. "Hiyo ya kurudia," akisema. Upepo ukiwepo, makasia yale yalikaa mwezi mzima hayajaguswa, na hakuna aliyesema ni hasara.

Nikaamua ziwe betri mbili. Moja ya kuwashia mashine, isiyoguswa na kitu kingine. Ya pili, ya sahani nene, ampea-saa 110, ya kulisha mambo mengine yote. Kati yake kuna kifaa kinachoziunganisha mashine ikiwaka ili zote zijazwe, na kuzitenganisha ikizimwa. Muziki nao nimeupunguza.

Dukani nilikuta maneno mengi. Ile namba kubwa iliyoandikwa CCA ni nguvu ya kuwasha katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri. MCA hupimwa kwenye sifuri, kwa hiyo namba yake huwa kubwa zaidi kwa betri ile ile. Usilinganishe moja na nyingine ukadhani umepata kubwa. Angalia kitabu cha mashine kinataka ngapi, usiende chini yake. Nyinyi mlioko Uingereza na Marekani baridi ni adui wenu, na betri iliyoachwa tupu majira ya baridi huweza kuganda na kupasuka. Sisi huku adui yetu ni joto. Mafundi hukadiria kwamba kila digrii 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri za risasi karibu nusu, na ndani ya kijisanduku cha boti yangu mwezi wa Juni unaweza kuchoma mkate. Kwa hiyo nilisoma kwanza tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imekwishaanza kuota chumvi kwenye sahani.

Za kuongeza maji ni za bei nafuu, ukiwa mtu wa kukumbuka kuzitazama. Mimi si mtu huyo. Nikachukua zote mbili aina ya AGM, ambayo tindikali yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, haimwagiki, na inavumilia mtikisiko. Za lithiamu zilinivutia, kwani uzito ni chini ya nusu na unaweza kuzitumia karibu zote. Lakini zinataka chaja yake, nyingi hazipendi kuchajiwa kwenye joto kali, na si kila mtengeneza mashine anaziruhusu. Mwenye fedha na fundi mzuri asiziogope. Mimi niliona boti yangu ni ndogo kuliko maarifa hayo.

Jambo moja zaidi. Mashine ya boti haichaji kama gari, hasa ikienda polepole, kwa hiyo nikirudi nyumbani naziunganisha kwenye chaja ya ukutani, mahali penye hewa. Zikishatulia saa kadhaa napima. Volti 12.7 zimejaa, 12.2 zimefika nusu, chini ya 12 nimeshafanya makosa.

Kazi ilipokwisha nilimwita yule mama. Alikuja bandarini na buibui lake, akapanda botini, akaniambia nizime mashine na nifungue kila kitu, muziki, taa, pampu. Tukakaa saa nzima tukinywa kahawa ya kwenye chupa. Kisha akasema, "Haya baba, washa." Ikashika mara moja. Hakusema neno. Alimtazama mwanawe tu, akamtikisia kichwa aende akachukue ndoana zake.

Ya sahani nene ilinifia 2022 na ya kuwashia 2023, joto limekula, nikanunua nyingine za namna ile ile bila kubisha bei. Siku hizi anayepima kabla hatujatoka ni yule mjukuu, sasa kijana, sauti imeshakuwa nzito. Ameandika kwa rangi nyeupe juu ya sanduku la betri moja, "YA KURUDIA." Sikumfundisha neno hilo. Nadhani alinisikia nikilisema usiku ule, nikifua maji.