Munakimbia Nani?

Orodha ya kwanza ilitoka Marsabit. Mwenzetu aliyekuja kitivoni kwetu kwa muhula mmoja alikuwa amewahi kusafiri na kundi la vijana wa kwao hadi Hifadhi ya Sibiloi, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Tulipomwambia kwamba sisi sita tunataka kutumia likizo ya Julai kulala porini, alitutumia kila alichokuwa amekiandika. Magari mawili, kamwe si moja. Matairi mawili ya akiba kwa kila gari. Beleshi, jeki, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki ili isizame. Pampu, kwa sababu ukiingia mchangani unapunguza upepo wa matairi na ukitoka unaujaza tena. Maji ya kunywa, na juu yake maji mengine ya siku mbili za kukwama. Jangwa la Chalbi, alisema, likiwa kavu unalipita kama uwanja wa ndege. Likinyeshewa kidogo tu, chumvi na udongo vinashikana, na gari linakaa hapo mpaka jua liamue vingine. Mahema yafungwe kwa mawe, maana upepo wa Turkana hung'oa vigingi. Na sharti la mwisho, kwa herufi kubwa: PIGENI KAMBI MBALI NA WATU.

Ni orodha nzuri, nami nimeisoma mara nyingi kuliko baadhi ya vitabu vya kozi. Kila kitu ndani yake kinatokana na jambo moja: kule hakuna wa kukusaidia, kwa hiyo unabeba msaada wako mwenyewe. Sibiloi ni nchi ya visukuku vya Koobi Fora na miti iliyogeuka mawe. Mtu anakwenda pale kuona dunia kabla yetu, na upweke ndio hasa anaoulipia.

Sisi hatukuwa na nauli ya Marsabit wala Land Cruiser. Tulichokuwa nacho ni kwetu mimi, Bendera.

Bendera ninayoisema si kitambaa. Iko kaskazini ya Kalemie, katika mkoa wa Tanganyika, kwenye barabara inayokwenda Fizi na Uvira. Mto Kiyimbi unaporomoka hapo kutoka milimani, na tangu zama za Wabelgiji maji yake yanazungusha mitambo inayopeleka umeme Kalemie. Juu yake upo Mlima Kabobo na msitu wake, ambao mkoa uliutangaza kuwa hifadhi mwezi Desemba 2016, kilomita za mraba 1,477, wenye sokwe, na mbega wa aina isiyopatikana penginepo. Nilipowaeleza wenzangu haya, walinyamaza kidogo, kisha yule wa isimu akauliza, 'Na mtandao upo?' Nikajua wamekubali.

Tukaanza kuihamisha orodha ya Marsabit kuipeleka Bendera, kitu kimoja kimoja. Magari mawili yakawa pikipiki za kukodi Kalemie, tatu, kila moja na dereva wake na mizigo yake. Maji yakafutwa: huku maji ndiyo yanayokuzuia, si yanayokosekana, na ndiyo maana tulichagua Julai, katikati ya kiangazi. Pampu ikabaki. Beleshi likabaki, kwa ajili ya potopoto, yaani tope, neno ambalo mwenzetu wa Mbeya alilipenda mno hata akalitafutia ngeli. Mafuta ya pikipiki katika bido, yaani dumu. Fedha za barieri, yaani vizuizi vya njiani ambapo kila mtu ana karatasi yake ya kukuonyesha. Tukaongeza chandarua, dawa za malaria, na nakala kadhaa za barua ya chuo yenye muhuri, kwa maana nchini mwangu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye sharti la herufi kubwa. Hapo nikampigia simu mama mdogo.

'Batu ngapi?' akauliza.

'Sita, mama mdogo.'

'Batalala wapi?'

Nikamwambia tutapiga kambi kando ya mto, juu kidogo ya kijiji. Kimya. Nilidhani laini imekatika.

'Kambi?' akasema. 'Munakimbia nani?'

Hakuwa anatania. Na mimi, ambaye nasomea lugha hii, ambaye nimeandika kurasa kumi na nane kuhusu upanukaji wa maana, nilijua papo hapo anasema nini, kwa sababu neno hilo ni lake kabla halijawa langu. Mwaka 1998 vita vilipoanza upya, yeye na mama yangu walivuka ziwa kwa mtumbwi hadi Kigoma. Waliishi Lugufu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1997 kwa ajili ya Wakongo, na huko ndiko nilikozaliwa. Kuta zetu zilikuwa za udongo na paa lilikuwa shitingi, ile plastiki nyeupe ya msaada ambayo Watanzania wangeiita turubai. Mvua ikinyesha juu ya shitingi huwezi kuzungumza. Mpaka leo, mvua ikianza, huwa namalizia sentensi yangu haraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, tukarudi. Kisha mwaka 2016 na 2017 mapigano ya Watwa na Waluba yakawatoa majumbani mamia ya maelfu ya watu mkoani kwetu, na kandokando ya Kalemie, mahali kama Katanika, shitingi zikatanda tena. Mama mdogo hakukimbia mara hiyo. Aliwapokea waliokimbia.

Kwa hiyo huko kwetu kambi ni ya wakimbizi, au ya askari, au ya watu wa msituni wenye bunduki. Zamani kulikuwa na kambi za wafanyakazi wa reli, lakini hizo zimebaki kwenye majina ya mitaa. Hakuna kambi ya kupumzika. Ukisema umepiga kambi juu ya kijiji, umemwambia msikilizaji mambo mawili tu yanayowezekana: ama kuna kinachokufukuza, ama wewe ndiye utakayefukuza wengine. Watu watakaoona mwanga wa moto wenu usiku hawatasema 'ni wanafunzi'. Watafunga mizigo.

Niliwaandikia wenzangu hivyo. Wa kwanza kujibu alikuwa dada yetu wa Kasulu. Kwao, alisema, 'kwenda kambini' ni kwenda Nyarugusu, kununua na kuuza. Alikuwa mkubwa aliposikia kwamba kuna watu wanaokwenda kambini kwa furaha, na gitaa. Wa pili alikuwa kijana wa Dar es Salaam, na jibu lake nimelifikiria sana tangu hapo. 'Tukilala uani kwa mama yako mdogo,' aliandika, 'hiyo si safari, ni ziara ya ndugu. Mimi nimekulia chumba kimoja na wadogo zangu watano. Sijawahi kulala usiku mmoja bila kusikia mtu mwingine anapumua. Hicho ndicho ninachokitafuta.'

Wengine walimcheka. Mimi sikuweza. Ombi lake ni halali, na ndilo hasa linalompeleka mtu jangwani. Ila Bendera si Sibiloi. Msitu wa Kabobo una wenyewe, Watwa wakiwamo, waliouishi kabla ya tangazo lolote la hifadhi. Hapana sehemu ya ardhi ile ambayo ukisimama husimami mbele ya mtu, hata kama humwoni. Anayekwenda jangwani amebeba maji. Anayekwenda Bendera lazima abebe maelezo, na maelezo yana utaratibu wake: kwanza kwa chifu, kisha kwa wahifadhi, kisha kwa wenye mashamba ambayo njia inapita. Si urasimu. Ni kwamba mtu asiyejulikana alikolala ni habari mbaya inayosubiri kupelekwa.

Mwanahistoria wetu ndiye aliyeutia mjadala petroli. Yeye alitaka Bendera kwa sababu ya tarehe 29 Juni 1965. Siku hiyo Wakuba, pamoja na wapiganaji wa Kirwanda na wa Kikongo, walivamia ngome iliyokuwa kwenye mtambo wetu wa umeme, ile ambayo vitabu vinaiita Front de Force. Walikuwa wamevuka kutoka Kigoma, kama tutakavyovuka sisi. Che Guevara alikuwa ameshauri waanze na mahali padogo zaidi, Katenga, lakini agizo lilikuwa Bendera, naye mwenyewe hakuruhusiwa kwenda. Uvamizi ulishindwa. Wakuba wanne walikufa, na maandishi yaliyokutwa kwa wafu yakawafichulia maadui zao ni akina nani waliokuwa milimani. Mwezi Novemba waliobaki wakavuka ziwa kurudi.

Mwanahistoria alileta haya kama onyo la mipango: msibebe karatasi ovyo. Mimi nilivutiwa na majina. Wakuba wale walipewa majina ya siri kutoka kwenye kamusi, kwa tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke, aliyeongoza uvamizi wa Bendera, alikuwa Moja. José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili. Guevara alikuwa Tatu. Amri ilitoka kwa Kihispania, ikapita kwenye Kifaransa, ikaingia Kiswahili, na kwa wengine ikaendelea hadi Kinyarwanda. Nawaona wakiwa milimani, watu mia moja na ushei, wanajua kuhesabu kwa lugha yetu na hawajui kupiga hodi. Hakuna mtu kwetu anayeitwa Tatu isipokuwa ni mtoto wa tatu, na hapo wa kwanza na wa pili wapo, na mama yao anajulikana.

Nilipoandika hilo kwenye kundi, kijana wa Dar alijibu kwa neno moja: 'Sawa.' Baadaye usiku akaongeza: 'Ila usiku mmoja, tafadhali.'

Ndipo yakaja mahema. Tulikuwa tumeshaahidiwa ya kukodi, mawili meupe na moja la kijani lenye mabaka. Nikasema hapana kwa yote matatu. Jeupe ni shitingi. La mabaka ni askari, na askari wa upande gani, kila mtu atajijibu kwa hofu yake. Tulitafuta wiki nzima mpaka tukapata mawili ya rangi ya chungwa, ya gharama zaidi, yanayoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Mwenzetu wa Marsabit alishangaa. Kwao hema hufichwa na upepo. Sisi tunataka lionekane na kila mtu, mchana, likiwa linapigwa na vijana wa kijijini wenyewe.

Mpango sasa umesimama hivi. Siku tano Bendera, nne tunalala nyumbani kwa mama mdogo, wasichana ndani, wavulana kibarazani. Usiku mmoja ukingoni mwa msitu, tukiwa na watu wawili wa pale ambao chifu atawachagua yeye, si sisi, na kijana wa Dar atapewa hema la mwisho, mbali na wengine kadiri wenyeji watakavyoona inafaa. Dada wa Kasulu hatalala kwenye hema usiku huo. Amesema hivyo mapema na hakuna aliyemuuliza sababu. Atabaki na mama mdogo kutwanga sombe. Na iwapo siku tukiwa Kigoma, au hata Kalemie, mama mdogo atatuma ujumbe kwamba njia si nzuri, tunageuka, bila kikao. Wazazi wa wawili kati yetu waliridhika kwa kipengele hicho tu. Mmoja wao anakumbuka Mei 1975, wanafunzi watatu wa Kimarekani na mwenzao wa Kiholanzi walipochukuliwa usiku kutoka Gombe na kuvushwa ziwa hadi milima ya upande wetu. Walirudi wote salama, lakini mzazi hakumbuki sehemu hiyo ya habari.

Nilimpigia tena mama mdogo kumsomea mpango. Safari hii sikutumia lile neno. Nilisema tunakuja kutembea, ambako kwetu ni kuja kuona watu, hata kama umekuja kwa lori.

'Ah,' akasema, 'kutembeya. Karibuni.' Kisha akaanza orodha yake mwenyewe: chumvi, sabuni ya kipande, nyavu za kuvulia za mjomba kutoka Kigoma, na betri za redio, zile kubwa. Akauliza kama wote wanakula ndakala. Akauliza yule anayetaka kulala peke yake ana shida gani, kama amefiwa. Nikamweleza habari ya chumba kimoja na wadogo watano. Akafikiri. 'Basi apewe usiku mbili,' akasema.

Mwishoni kabisa akauliza mahema yenyewe yakoje. Nikamweleza: ya rangi ya chungwa, kitambaa kigumu, hayapitishi maji.

'Mukirudi,' akasema, 'moja muache. Ya kuanikia muhogo.'

Mahema ni ya kukodi. Bado tunatafuta namna ya kumwambia.