ALICHONGA HEDI YA CANTER MWENYEWE, MKEWE HADI LEO HAJUI

Basi bwana, kuna kijana mmoja wa Mzenga, kule Kisarawe, ana Canter yenye injini ya 4D33, ile ya silinda nne, lita 4.2. Anabeba mihogo. Gari likaanza kukosa nguvu. Likipewa mzigo na kilima kidogo tu, moshi mweusi tii, mpaka utingo anaona bora ashuke atembee.

Mjomba wake ni fundi. Akamwambia, "Mjomba, moshi mweusi ni dizeli nyingi, hewa kidogo. Anza na chujio la hewa, halafu tupime nozeli."

Kijana hakusikia. Alishaona kwenye simu watu wanapanua njia za hewa kwenye hedi, magari yanaruka. Akamwomba mkewe pesa ya fundi. Mama wa watu akakopa vikoba. Pesa ikanunua gasketi mpya na mawe ya kuchongea, fundi akawa yeye mwenyewe, na drili ya kuazima.

Kwenye video ni raha. Ila wanaoijua kazi hiyo hupima hewa inavyopita kabla na baada ya kuchonga. Tena kwenye dizeli kama hii, ile kona ya njia ya hewa haikuwekwa kwa bahati mbaya: inafanya hewa iingie ikizunguka ili ichanganyike vizuri na dizeli. Yeye akaona kona inabana, akainyoosha. Na nyuma ya ukuta ule mwembamba hupita maji ya kupoza injini. Njia ya tatu, jiwe likatoboa kitundu kidogo kama tundu la sindano. Hakukiona.

Akafunga, akawasha. Siku ya kwanza moshi ukageuka mweupe na maji ya rejeta yakawa yanapungua. Siku ya tatu akachomoa kijiti cha oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa!

Mjomba hakumsema. Akamtafutia hedi ya mtumba kwa mkopo, akamwaga oili yote. Wakati wa kufunga akafungua chujio la hewa, akaligonga chini mara moja. Likatoka vumbi la barabara ya Mlandizi kama unga wa mashineni. Wote watatu, na utingo, wakaliangalia. Hakuna aliyesema neno.

Kwa chujio jipya na hedi ile ya mtumba, Canter sasa inapanda kilima na mzigo wake bila shida.

Mkewe ameambiwa kwamba hedi ilipasuka yenyewe kwa uzee. Akamwonea huruma mumewe, akampikia, akamwambia, "Pole baba watoto, mali ni ya kutafuta." Jumamosi anasimama mbele ya wenzake wa vikoba kuomba aongezewe muda wa kulipa, na faini juu.

Mjomba kamwambia kijana aseme ukweli kabla ya Jumamosi. Utingo anasema yaliyopita si ndwele.

Wadau, ingekuwa wewe ungesema?